Tarakilishi ya Mwanangu, Tokeni na Hesabu za Mvua

Usiku mmoja wa Ramadhani iliyopita niliamka saa kumi kasorobo kuandaa daku, nikaikuta nyumba giza totoro. Nilidhani stima imepotea mtaa mzima, kama tulivyozoea hapa Kariobangi, lakini kwa jirani wa ghorofa ya juu taa ilikuwa ikiwaka. Kumbe ni sisi tulioishiwa na tokeni. Nilikuwa nimenunua za shilingi 500 siku tatu tu kabla ya hapo, nazo kwa desturi hutufikisha wiki mbili. Simu haikuwa na fedha. Tukala daku kwa mwanga wa kurunzi ya simu, viazi vitamu vya nazi vikiwa baridi, na hakuna aliyesema neno mpaka mwanangu mwenye miaka 17 aliposhusha kijiko.

“Mama, nisamehe. Ni ile tarakilishi.”

Nilijua kwamba alikuwa amenunua kadi ya grafiki iliyokwisha kutumika, kwa akiba yake ya likizo. Nilichokuwa sijui ni kwamba aliiacha ikifanya kazi usiku na mchana, na kwamba kazi yenyewe haikuwa michezo. Alikuwa akiwakokotolea wanasayansi hesabu zao, bila malipo.

Nilikasirika, sitaficha. Lakini nilimtaka anieleze, na aliyonieleza ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya, kwani naamini wako akina mama wengi ambao watoto wao wako njia hiyo hiyo na wao hawajui wakatae au wakubali.

Tarakilishi ya nyumbani hukaa bure muda mwingi wa siku. Ipo mitaala ya utafiti yenye hesabu nyingi mno, ambayo mashine moja ingehitaji karne nzima kuimaliza. Watafiti huikata kazi hiyo vipande vidogo vidogo na kuvigawa kwa watu waliojitolea duniani kote. Kila mashine hukokotoa kipande chake na kurudisha jibu kwa intaneti. Jambo hili lilipata umaarufu Mei 1999, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilipoanzisha mradi wa SETI@home wa kutafuta ishara za viumbe wenye akili angani. Chuoni humo humo, mwaka 2002, ikaanza programu ya BOINC, ambayo hadi leo ndiyo mlango wa miradi mingi ya aina hii. Mwaka 2020, siku za Korona, mradi wa Folding@home ulijiwa na watu wengi kiasi kwamba nguvu ya mashine zao za majumbani kwa pamoja iliipita tarakilishi yoyote kubwa iliyokuwapo duniani.

Viumbe wa angani hawakunigusa hata kidogo. Kilichonigusa ni malaria na mvua.

Sisi wa Pwani tunaijua malaria. Kwa takriban miaka 10, kuanzia katikati ya miaka ya 2000, watafiti wa taasisi ya magonjwa ya nchi za joto mjini Basel, Uswisi, walitumia tarakilishi za watu wa kawaida katika mradi wa MalariaControl.net. Walipima kwa hesabu jinsi ugonjwa unavyoenea kijijini, na nini hutokea vyandarua vikigawiwa au chanjo ikitolewa. Mradi huo umekwisha.

Wa mvua ulianza Oktoba 2019, chini ya World Community Grid, na wenye nao ni Chuo Kikuu cha Delft cha Uholanzi. Nia yao ni kukokotoa mvua ya Afrika kusini ya Sahara katika miraba ya kilomita moja kwa moja. Mtu aliyekaa Eastlands haelezwi kwa nini hilo ni muhimu. Mvua yetu nyingi hutoka kwenye mawingu ya radi yasiyo mapana. Kariobangi hunyesha tukakimbilia nguo kambani, na Umoja ardhi ni kavu. Mfumo wa hesabu unaotazama eneo kubwa kwa jicho moja hauwezi kuliona wingu kama hilo. Na sote tunakumbuka Aprili 2024, mito ilipofurika Mathare na kwingineko, na mafuriko ya msimu ule yakaua zaidi ya watu 200 nchini. Nisieleweke vibaya: tarakilishi ya mwanangu haitabiri mvua ya kesho wala haimwamshi mtu aliye kando ya mto. Ni tofali moja katika ukuta unaojengwa polepole.

Basi hatukuifunga. Tulikubaliana kuipima.

Siku ya Jumamosi tulizima kila kitu, hata friji, tukaiacha tarakilishi peke yake na kusoma mita kabla na baada ya saa moja. Ilikula robo uniti, yaani wati 250. Kwa saa 24 hizo ni uniti 6. Nikichukulia uniti moja kwa shilingi 25, ni shilingi 150 kwa siku, na 4,500 kwa mwezi. Kijana aliziona hesabu hizo akanyamaza, kwani kodi yetu anaijua.

Cha kwanza tulichofanya ni usafi. Nilikuwa nimeifunika mashine kwa kitambaa changu cha kufuma, pamoja na televisheni, ili ipendeze. Kumbe nilikuwa nikiiziba pumzi. Tuliichomoa kwenye umeme, tukaifungua, na vumbi lililotoka lingejaza kikombe. Mtaa wetu una mafundi wa vyuma wa Light Industries, na vumbi lao halibishi hodi. Tulitumia brashi laini ya rangi, huku kidole kikizuia feni isizunguke. Grisi ya kupitisha joto juu ya prosesa ilikuwa imekauka kama udongo. Tukaifuta na kupaka mpya. Muuzaji wa kadi ile ya grafiki alikuwa ameapa kwamba haikuwahi kufanya kazi nzito, lakini feni yake moja ilikuwa imelegea, na hiyo tuliibadilisha kwa fedha zetu.

Kisha tukapunguza nguvu, na hapa ndipo niliposhangaa. Kwa programu ndogo ya kuiongoza kadi, mwanangu aliishusha kutoka wati 150 hadi 100. Nilidhani kasi ingeshuka kwa kiasi hicho hicho, lakini ilipungua kidogo tu, maana wati za mwisho ndizo zinazoliwa bure zaidi. Katika BOINC akaagiza nusu tu ya viini vya prosesa vifanye kazi. Ipo pia njia ya kupunguza muda wa kazi kwa asilimia, lakini hiyo huifanya mashine ianze na kusita, ianze na kusita, na feni hulia usiku kucha kama mtoto mwenye homa. Sasa kadi ya grafiki na prosesa hupokezana zamu, wala hazifanyi kazi pamoja. Mradi wa mvua wenyewe hutumia prosesa pekee. Mashine nzima hula wati 120 hivi, saa sita kwa siku. Hiyo ni shilingi 18.

Wako vijana wanaofanya kinyume, wanaoipandisha kadi juu ya kiwango chake ili wapate pointi na kushindana. Mashine iliyopata joto kupita kiasi hurudisha majibu yenye makosa. Miradi mingi hukipeleka kipande kimoja kwa mashine mbili na kulinganisha, na jibu bovu hutupwa, pamoja na umeme wake. Vilevile kila kipande kina siku yake ya mwisho. Ni heri kuomba kazi ya nusu siku kuliko kurundika ya wiki ukashindwa kuirudisha. Stima ikipotea katikati si balaa, kwani programu huhifadhi ilipofika. Bando ndilo la kutazama: mafaili ya mradi wa mvua ni makubwa, na asiye na intaneti ya mwezi achague mradi mwepesi.

Programu hii haiulizi namba ya M-Pesa, haitaki picha ya jicho kama wale wa Worldcoin ambao serikali iliwasimamisha Agosti 2023, wala haiahidi faida. Anayekuahidi fedha analeta jambo lingine. Na mashine isiyo yako ni amana. Marekani, fundi wa chuo kimoja jimboni Georgia alishtakiwa kwa kuweka programu ya aina hii katika tarakilishi za chuo bila idhini, na kesi ikaisha mwaka 2002 kwa fidia na muda wa kuangaliwa. Shule, ofisi, saiba: omba ruhusa kwanza, ukinyimwa acha.

Sharti langu la mwisho nililiandika kwa kalamu na kulibandika juu ya mita: uniti zikishuka chini ya 5, mashine izimwe. Jana usiku zilikuwa 11. Saa nne, ndugu zake walipokwisha kulala, nilimsikia akiiwasha, na feni yake sasa ina sauti ndogo kuliko ya friji.