Wazee wanaosahau: daktari wa wilaya afundishwe kuwatambua

KWA sisi tuliorudi kutoka Tanzania, kumbukumbu ya mzee ni hati ya shamba. Wengi waliokimbia Burundi mwaka 1972 hawakuondoka na karatasi. Walipoanza kurejea kwa wingi, hasa mwaka 2008 na 2009, waliojua shamba la ukoo linaanzia mti gani na kuishia kijito kipi walikuwa ni wazee wao.

Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoundwa mwaka 2006, ilisikiliza mashauri mengi ya namna hiyo. Mara nyingi shahidi alikuwa mzee, na ushahidi ulikuwa kichwani mwake.

Leo wazee hao wana miaka 70, 80 na zaidi, na baadhi yao wameanza kusahau. Sisemi kusahau mahali ulipoweka miwani. Nasema kusahau jina la mtoto uliyemzaa, kuuliza swali lile lile mara kumi kwa asubuhi moja, kupotea njia ya kanisani uliyoipita kwa miaka.

Wataalamu wanauita ugonjwa huu dimenshia. Aina yake inayojulikana zaidi ni ile ya Alzheimer, iliyopewa jina la daktari Mjerumani aliyeieleza mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2021 walikuwapo wagonjwa milioni 57 duniani, na zaidi ya 60 katika kila 100 waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo wanaodhani ni ugonjwa wa Wazungu wamekosea.

Mimi ni mwalimu, nilisoma Ulyankulu, na majirani huniletea karatasi zao za hospitali niwasomee. Katika karatasi hizo nimeona mzee anayesahau akiandikiwa dawa ya malaria bila kupimwa, au dawa ya usingizi, au neno moja tu: uzee. Uzee si ugonjwa, na dimenshia si uzee.

Siwalaumu walioandika. Hakuna anayetibu asichofundishwa. Mtu wa Nyanza-Lac akitaka mtaalamu wa akili, huelekezwa Kamenge, Bujumbura, safari ya zaidi ya kilomita 100. Mzee asiyejua yuko wapi atapandishwaje basi kila mwezi? Dawa ya tatizo hili ni kumfundisha daktari aliye karibu.

Kenya walianza mwaka 2005, katika Chuo Kikuu cha Moi, kusomesha madaktari bingwa wa familia, yaani wale wanaomtibu mtu mzima, mtoto na mzee wa nyumba moja. Kwetu kazi hiyo inafanywa na daktari wa hospitali ya wilaya na muuguzi wa kituo cha afya. Hao ndio walengwa wa mwongozo wa WHO uliotolewa mwaka 2010 na kurekebishwa mwaka 2016, wenye sura nzima kuhusu dimenshia kwa wahudumu wasio mabingwa.

Wanafundishwa nini? Kwanza, kuuliza tatizo lilianza lini. Akili iliyovurugika ndani ya siku chache ni jambo la dharura. Huenda ni homa, uambukizo, upungufu wa maji mwilini, au dawa alizomeza. Dimenshia huja polepole, kwa miezi na miaka.

Pili, kutafuta magonjwa yanayofanana nayo na yanayotibika: sonona, kaswende, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, damu iliyovuja kichwani baada ya kuanguka. Anayeandika "uzee" bila kuyatafuta anaweza kumnyima mgonjwa tiba iliyopo.

Tatu, kupima kumbukumbu kwa haki. Kipimo kilichoenea duniani tangu mwaka 1975 humtaka mgonjwa asome na aandike sentensi. Bibi ambaye hakuwahi kukaa darasani atashindwa hata kama akili yake ni timamu.

Hapa jirani zetu wamefanya kazi nzuri. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na Uingereza waligundua kuwa watu wapatao 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi walikuwa na dimenshia. Wakatengeneza kipimo kisichohitaji kusoma. Mzee hupanga njiti za kiberiti kwa mfano anaoonyeshwa, hutaja wanyama kwa dakika moja, hueleza daraja ni kitu gani, hukumbuka maneno 10 aliyosikia.

Lakini kwa mzee aliyerejea kutoka uhamishoni, daktari awe mwangalifu zaidi. Akiulizwa siku kwa Kifaransa hatajibu. Akisema nyumbani ni Ulyankulu, huenda ni ugonjwa, huenda pia ni moyo wake tu. Ndiyo maana daktari hufundishwa kumuuliza na mtu anayeishi naye.

Namfahamu mama mmoja anayevuka mpaka wa Mugina kufuata vitenge Kigoma. Siku za safari alikuwa akimfungia mama yake ndani, kwa kuwa bibi huyo alikuwa akitoka kwenda "kambini". Majirani walianza kunong'ona habari za uchawi. Daktari kijana aliyepata mafunzo aliomba aonyeshwe dawa zote zilizomo nyumbani, akakuta vidonge vya usingizi vya sokoni. Akampunguzia bibi hatua kwa hatua hadi akaviacha, akamweleza binti kuwa mama yake anaumwa na wala hajarogwa. Kumbukumbu haikurudi, ila bibi aliacha kuangukaanguka, na siku za safari jirani hukaa naye mlango ukiwa wazi.

Ndugu zangu wafanyabiashara, hilo linawahusu. Hakuna kidonge kinachoponya dimenshia. Zipo dawa kama donepezili zinazowasaidia baadhi ya wagonjwa kwa muda, kwa maelekezo ya daktari. Dawa kali za kutuliza akili huongeza hatari ya kiharusi na kifo kwa wazee hawa. Msizibebe kwenye mizigo na kuziuza kwa huruma.

Ugonjwa ukijulikana mapema, familia hupata muda. Mzee anaweza kueleza mipaka ya shamba mbele ya mashahidi akiwa bado anajua anachosema. Ukichelewa, atakuja mtu na karatasi na wino, na dole gumba la mzee litauza asichokumbuka kuwa nacho.

Nchi wanachama wa WHO zilipitisha mpango wa dimenshia mwaka 2017, na muda wake umeongezwa hadi 2031. Wizara yetu isingoje mabingwa ambao hawapo. Ianze na madaktari wa wilaya zilizopokea warejeaji wengi: Nyanza-Lac, Rumonge, Makamba. Na wewe mwenye mzee anayesahau, mpeleke kituo cha afya ukiwa na mfuko wa dawa zake zote, na useme ni lini ulianza kuona mabadiliko.