Msikiti wa Dhaka Usio na Kuba Wala Mnara

Kamati ya msikiti wa mtaani kwetu hapa Mombasa inakusanya pesa za kujenga upya, na neno la kwanza lililoandikwa katika daftari la michango ni "kuba". La pili ni "mnara". Nami nisijitoe lawamani. Miaka iliyopita, ulipopitishwa mchango wa kuweka paa la zege, ni mimi niliyetunga shairi la kuwahimiza watu watoe, na watu wakatoa. Paa likamwagwa, likapendeza. Lakini ingia ndani adhuhuri ya mwezi wa Februari, ndugu msomaji, utadhani umeingia tanuri la mikate. Imamu akishatoa salamu hakuna angojaye nyiradi. Kila mtu atafuta upepo barazani, viatu mkononi.

Basi Ijumaa moja kijana wetu mmoja asomeaye usanifu wa majengo akaniletea picha na ramani za msikiti ulioko Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh. Akaniambia, "Maalim, hebu tazama hii kabla hujatunga shairi jingine." Maneno hayo yalinichoma kidogo, lakini nilitazama.

Msikiti huo waitwa Bait Ur Rouf. Uko upande wa Uttara, kaskazini mwa Dhaka, mji wa watu zaidi ya milioni 20, na ulikamilika mwaka 2012. Ukiutazama kwa nje ni mraba wa matofali ya kuchoma, mwekundu, mtulivu, hauna kuba wala mnara.

Habari yake ilianza kwa bibi mmoja aliyepata misiba ya kufiwa na watu wake wa karibu, akatoa kipande cha ardhi yake ujengwe msikiti. Kikasimamishwa kibanda cha muda, watu wakaswali humo. Bibi akafariki kabla ya jengo lenyewe kupatikana. Aliyebaki na amana hiyo ni mjukuu wake, Marina Tabassum, ambaye ni msanifu wa majengo. Yeye ndiye aliyechora ramani, yeye ndiye aliyechangisha, yeye ndiye aliyesimama na mafundi. Pesa zilitoka kwa watu wa pale pale, na kazi ikachukua miaka. Nayasema haya makusudi, kwani wako kati yetu wadhanio kuwa mwanamke na msikiti hukutana kwenye sufuria la pilau siku ya maulidi tu.

Kiwanja chenyewe kilikuwa na kasoro ambayo mafundi wetu waijua sana: hakikulingana na kibla. Kilikengeuka kwa digrii 13. Sisi hapa tungeyapinda majamvi, mambo yakaisha. Mama huyu alijenga ukuta wa nje wa mraba kufuata kiwanja, ndani ya mraba akatia duara, na ndani ya duara akauzungusha ukumbi wa kuswalia mpaka ukaelekea kibla sawasawa. Kati ya duara na ukumbi zikabaki nafasi nne zilizo wazi juu, na humo ndimo mwanga na upepo hushukia. Nilipoifahamu ramani hiyo niliguna peke yangu, kama mtu aliyeona vina vya mwisho vimekubali bila kulazimishwa.

Ukumbi wasimama juu ya nguzo nane zilizo pembeni, kwa hiyo katikati hakuna kitu cha kukata safu. Kuta nyingine zimepangwa matofali kwa mianya, upepo hupenya. Paa lina matundu madogo ya duara, na mwanga wake huanguka sakafuni kama mbegu zilizomwagwa. Upande wa kibla ukutani mna upenyo mwembamba uliosimama wima, mwanga waingilia hapo, na huo ndio umwoneshao mtu pa kuelekea. Jengo lote limeinuliwa juu ya msingi mrefu, maana Dhaka ni nchi ya mafuriko. Na msingi huo umekuwa baraza, wazee hukaa wakazungumza na watoto wakacheza.

Mwaka 2016 msikiti huu ulipewa Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu wa Majengo, iliyoanzishwa mwaka 1977. Mwaka 2025 Marina Tabassum alishinda tena tuzo hiyo, safari hii kwa vijumba vya mianzi viitwavyo Khudi Bari, ambavyo watu waishio kwenye visiwa vya mchanga mitoni huweza kuvifungua na kuhama navyo maji yakija.

Nilizipeleka picha hizo kwenye kamati baada ya Isha. Mzee mmoja akazitazama kwa miwani, kisha bila miwani, akasema, "Huu ni msikiti ama ni ghala?" Nikamkumbusha kuwa msikiti wa Mtume (S.A.W.) Madina ulikuwa wa matofali ya udongo, nguzo za mitende, paa la makuti ya mtende, na Bilal akiadhini juu ya nyumba iliyo jirani. Nikamwambia pia kuwa misikiti mingi ya kale ya pwani yetu haina mnara; mwadhini alipanda ngazi hadi darini. Akanijibu, "Na wakati huo palikuwa na ghorofa kumi mbele yake? Mgeni ataujuaje msikiti?" Sikuwa na jibu la haraka, na hata sasa naona ana haki kiasi fulani. Mnara wa Mandhri umewaelekeza watu tangu zamani, nami naupenda.

Lakini yule kijana hakuja kushindana. Jumapili alikuja na dira na uzi, tukaupima msikiti wetu. Kibla ya Mombasa ni kaskazini karibu sawasawa, kwa hiyo mgongo wa msikiti waelekea kusini, huko huko utokako upepo wa kusi ambao mabaharia wetu waliungoja kwa hamu. Akauliza, "Na upande huu wa nyuma mna nini?" Tukazunguka wote kwenda kutazama. Mna stoo ya majamvi na viti vya maziko, na ukutani mwake, ofisi ya kamati. Dirisha hakuna hata moja.

Kamati imekubali stoo ibomolewe kabla ya pesa yoyote kutumika juu ya kuba. Kuhusu ofisi, nimeambiwa tungoje mkutano ujao.