Njia ya Mizinga: Kuupanda Mlima Eburru

Atazamaye kusini-magharibi kutoka mjini Gilgil, asubuhi ambapo ukungu haujaondoka bondeni, huona mlima mpana usio na kilele kimoja cha kujivunia, bali migongo mingi iliyolaliana, myeusi kwa msitu upande wa juu, na mabegani mwake mafukuto meupe ambayo mgeni huyadhania kuwa moshi wa matanuri ya makaa, ilhali ni mvuke utokao ardhini usiku na mchana. Huo ndio Mlima Eburru, ambao kimo chake kinapita mita 2,800, na ambao msitu wake, tawi la mashariki la misitu ya Mau, una eneo la kilomita za mraba zipatazo 87. Longonot, jirani yake wa ng'ambo ya Ziwa Naivasha, umejaliwa sifa. Eburru umejaliwa kivuli, na kwa mzazi aendaye na watoto wadogo rai yangu ni kwamba kivuli ndicho cha kuchagua.

Kabla ya kuufikia msitu hupitwa vijiji na mashamba, na hapo haifai kuharakisha. Maji ya mito ni adimu huku, nayo ardhi, kana kwamba inafidia upungufu huo, hutoa mvuke. Basi wenyeji huweka mabomba juu ya nyufa zake, wakauongoza mvuke mpaka upoe, ukageuka matone, na matone yakajaza mapipa ya kunywa, ya kupikia na ya kunyweshea mifugo. Zama za walowezi mvuke uo huo ulikaushia pareto, na tangu mwaka 2012 kampuni ya KenGen inautumia kuzalisha umeme katika kituo kidogo cha megawati zipatazo 2.5. Mtoto aliyezoea bomba la mjini, akaona maji yakipatikana kwa kupoza pumzi ya mlima, huuliza maswali ambayo baba yake aghalabu hana majibu yake, na hiyo ni faida ya kwanza ya safari kabla hata ya kupanda.

Langoni hukutwa ua wa umeme, wenye urefu wa kilomita 43 na ushei, ambao jumuiya ya Rhino Ark iliukamilisha mwaka 2014 baada ya miaka mingi ya uchomaji makaa na utegaji wa nyaya. Ndani mna nyati na chui, na yumo bongo, mnyama adimu mwenye milia myeupe ambaye wapandaji wengi huambulia kusikia habari zake tu. Kwa hiyo hakuna busara ya kuingia bila askari wa misitu au mwenyeji aijuaye njia. Mwenyeji huyo akiwa mzee wa Kiogiek, safari hubadilika sura, na hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu.

Waogiek, wakazi wa kale wa misitu ya Mau, ni watu wa asali. Katika mila yao mwanamume hakuhesabiwa kuwa na mali mpaka awe na mizinga, nayo huchongwa katika gogo la mtarakwa, likapasuliwa, likakombwa ndani, likafunikwa tena na kupandishwa mtini. Na wakati wa kurina hutumika moshi wa magome au kuvu yafukayo taratibu, ili nyuki walegee pasipo kuuawa. Asali ilikuwa chakula, ilikuwa dawa, ilikuwa akiba ya kuhifadhia nyama isiharibike. Posa haikusemwa bila asali, wala pombe yake haikukosekana pale wazee walipobariki. Na kuiba katika mzinga wa mwenzio lilikuwa kosa lisilosamehewa kwa wepesi.

Lakini jambo la ajabu zaidi ni jinsi walivyougawa msitu. Ukoo haukumiliki kiwanja cha mraba kama tumilikivyo sisi kwa hati. Ulimiliki ukanda mrefu, aghalabu ukipakana na vijito na migongo ya vilima, ulioanza nyanda za chini penye vichaka na kupanda mpaka kwenye miti mirefu na baridi ya juu. Hikima yake ni dhahiri kwa afikiriye: maua hayachanui mahali pote kwa wakati mmoja, na mwenye ukanda uliopita katika tabaka zote za mlima huwafuata nyuki wake juu na chini, msimu hata msimu, bila kukanyaga haki ya mtu. Katika miinuko ya Mau, mti ambao Wakikuyu huuita mukeu ukichanua, wanaume waliacha nyumba zao za chini wakahamia juu na familia au pasi na familia.

Kwa hiyo apandaye Eburru kwa saa chache hupita, bila kujua, katika kalenda nzima ya asali. Watoto wakiambiwa hivyo, hawaulizi tena kila baada ya hatua kumi kama tumefika. Hutazama juu mitini kutafuta mizinga, na mara nyingi huwa wa kwanza kuwaona mbega wakiruka kwa manyoya yao meusi na meupe. Desturi ya mwendo ni nyepesi: mwenyeji hutangulia, mdogo hufuata ili yeye ndiye apime kasi ya wote, mkubwa hukaa nyuma, sauti hupunguzwa, mzinga hauguswi hata ukiwa umeanguka, kwani gogo lililoanguka lina mwenyewe vilevile.

Juu, hewa ikiwa safi, huonekana Elementaita upande wa kaskazini, Nakuru mbali kidogo, Naivasha na Longonot kusini-mashariki, na safu ya Nyandarua ikifunga upeo wa mashariki. Huliwa viazi, mayai na chai ya chupa, nayo mandhari husifiwa kama inavyostahili. Mimi hupendelea kutazama chini, mahali msitu unapoishia na mashamba yanapoanza, kwa kuwa mpaka huo ndio uliobishaniwa zaidi: mwaka 2009 Waogiek wa Mau walipewa notisi ya kuondoka, na mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, huko Arusha, ikahukumu kwamba haki zao zilivunjwa, mwaka 2022 ikaamuru wafidiwe. Hukumu ni jambo moja na utekelezaji wake ni jingine, na watu bado wanaishi na tofauti hiyo.

Kushuka ni kwepesi kwa watoto na kuzito kwa magoti ya wazazi. Ukitaka asali, inunue kwa mrinaji mwenyewe, uulize ilirinwa upande gani wa mlima na wakati wa maua yapi. Bei asikupunguzie, nawe usiombe.