Mawimbi Sita ya Tandale: Nani Mrefu Zaidi?

Pima kutoka kilele kimoja cha wimbi hadi kilele kinachofuata: huo ndio urefu wa wimbi. Tandale, Dar es Salaam, mawimbi yanapishana usiku na mchana. Tumeyapanga, bingwa akitangulia.

1. Umeme wa Tanesco: kilomita 6,000
Mizunguko 50 kwa sekunde, kwa kasi ya mwanga. Wimbi moja likianzia soko la Tandale linaipita Cairo, na bado lina zaidi ya kilomita 1,500 za kwenda. Hana mpinzani!

2. Redio ya masafa mafupi: mita 31
Jina linadanganya. Wazee waliosikiliza idhaa za ng'ambo wanaikumbuka "mita bendi 31". Panga Coaster nne za daladala, pua kwa mkia, bado hujalimaliza wimbi hili.

3. Besi ya kigodoro: mita 7
Kwenye kigodoro, ngoma ya mtaani ya usiku, wimbi la besi ni Coaster moja nzima. Besi hii nayo ina mizunguko 50 kwa sekunde, sawa na Tanesco, ila mwanga unaishinda sauti mbio zaidi ya mara 800,000. Wimbi refu hivi halizuiliwi na kona ya nyumba, linaizunguka. Ndiyo maana singeli ya mtaa wa pili inakufikia besi tupu, maneno yamebaki hukohuko.

4. Redio ya FM: mita 3
Kwenye megahezi 100, wimbi ni mita 3 tu. Yale "masafa mafupi" yanalizidi mara kumi!

5. Simu ya mkononi: sentimita 33
Kwa mnara wa megahezi 900, ni rula ya shule na vidole viwili juu yake. Robo ya wimbi hilo, kama sentimita 8, inatosha kuwa antena, nayo inaenea ndani ya simu.

6. Mwanga mwekundu: milimita 0.0007
Taa ya nyuma ya bodaboda inatoa mawimbi madogo hivi. Unene wa unywele mmoja unabeba kama 100 yakiwa yamejipanga foleni.

Matokeo
Wimbi la Tanesco linalizidi la taa ya bodaboda zaidi ya mara trilioni 8. Kwa mbio, hata hivyo, ni sare: umeme, redio, simu na mwanga vyote hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde. Anayeburuta mkia ni besi ya kigodoro peke yake.