Maumivu ya Magoti na Dawa Yake

Katika milima hii ya Usambara, kuanzia Soni na Lushoto hata Mlalo na Mtae, ni chache nyumba zenye wazee zisizosikia malalamiko ya magoti. Watu wetu huyaita maradhi hayo baridi yabisi, na lawama huitupia baridi ya milima. Kisha mzee huambiwa: "Keti, upumzike." Nasaha hiyo, ingawa hutoka katika moyo wa huruma, yamdhuru mzee.

Baridi huweza kuzidisha maumivu, lakini siyo asili yake. Ndani ya goti, ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, kitu laini chenye kuteleza. Kwa umri, unene, mizigo mizito na majeraha ya zamani, gegedu hilo huchakaa, na goti likakakamaa na kuuma. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2019 watu milioni 365 walikuwa na maradhi haya ya magoti.

Goti hutegemezwa na misuli ya paja. Mtu akiketi kutwa, misuli hiyo husinyaa na goti likakosa nguzo; maumivu yakazidi, naye akazidi kuketi. Ndiyo sababu mwongozo wa matabibu wa Uingereza wa mwaka 2022 uliyaweka mazoezi kuwa tiba ya msingi kwa kila mwenye maradhi haya. Nayo ni kama haya:

Kwanza, keti kitini, nyoosha mguu mmoja mbele, uushike hivyo kwa hesabu ya tano, kisha uushushe polepole. Fanya mara 10 kila mguu.

Pili, inuka kitini bila kujisukuma kwa mikono, ukae tena polepole, mara 10. Asiyeweza na aanze kwa kiti kirefu.

Tatu, tembea mahali tambarare dakika 10, ukiongeza kidogo kidogo hata nusu saa. Penye mteremko, ambapo goti huelemewa zaidi, shika bakora kwa mkono wa upande wa mguu mzima.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi si dhara. Lakini goti likivimba au kuuma zaidi siku ya pili, punguza. Wala usikate tamaa mapema, kwani faida huhitaji wiki 6 hata 12. Ama goti lenye joto na wekundu pamoja na homa, lipelekwe hospitali mara moja.

Twajua kwamba dini imemruhusu asiyeweza kusimama asali ameketi. Hiyo ni rehema, wala hapana lawama juu yake. Lakini rehema hiyo haikuzuia kutafuta dawa, na Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu. Basi enyi vijana, msimtandikie mzee mkeka mkamwacha hapo. Mshikeni mkono, mwende naye msikitini. Nanyi mabinti na wakwe, mwondoleeni mama mzigo wa kuni, lakini msimwondolee matembezi yake.