Kabla Hujaweka Nyumba Rehani

Kila baba na mama Mkristo hutamani makao yao wenyewe, mahali pa kulea watoto na kusali pamoja bila hofu ya kudaiwa kodi. Tamaa hiyo ni njema. Siku hizi wengi katika Shinyanga, Kahama na Geita wauliza habari za kukopa benki ili wapate nyumba, na kulipa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Njia hiyo imekuwa wazi zaidi tangu mwaka 2010, ilipoundwa kampuni ya TMRC, ambayo kazi yake ni kuyapa mabenki fedha za mikopo ya namna hii. Basi yafaa tuitazame kwa makini, maana nyumba iliyowekwa rehani ndiyo walalamo watoto.

Kwanza, je, mshahara wako utadumu kuliko deni? Katika nchi yetu ya migodi neno hili ni kubwa kuliko yote. Mgodi wa Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009, na mwaka 2021 ukaacha. Mtumishi wa pale aliyekopa mwaka 2012 kwa muda wa miaka 15 angebakiwa na miaka 6 ya kulipa baada ya kazi kwisha. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu naye huenda akapata mwezi huu, kisha akae miezi mitatu mikono mitupu. Lakini benki hudai kila mwezi. Mwalimu wa serikali ana mshahara wa hakika zaidi, walakini asisahau kwamba hustaafu kwa lazima afikapo miaka 60. Deni na liishe kabla ya siku hiyo.

Pili, hesabu riba. Tuseme umekopa shilingi 20,000,000 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka. Ukilipa kwa miaka 15, utatoa kama shilingi 294,000 kila mwezi, na mwisho utakuwa umelipa zaidi ya shilingi 52,000,000. Ukilipa kwa miaka 5, utatoa kama shilingi 486,000 kila mwezi, na jumla itakuwa kama shilingi 29,000,000. Muda mrefu hupunguza mzigo wa mwezi, lakini huongeza mzigo wa maisha. Tena uliza kama riba yaweza kupandishwa, na gharama za kuthamini nyumba, kuandikisha rehani na bima ni kiasi gani.

Tatu, itazame hati. Kabla hujatoa hata senti, nenda ofisi ya ardhi ukajue kama kiwanja kimepimwa, kama ni cha yule anayekiuza, na kama hakikuwekwa rehani mahali pengine.

Nne, mke na mume wapatane. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya ndoa haijawekwa rehani. Mume asimwambie mkewe, "Tia sahihi tu." Na wausome mkataba pamoja, hata neno la mwisho. Mdeni akishindwa kulipa, benki humpa taarifa ya siku 60, na baada yake yaweza kuiuza nyumba. Kwa hiyo aonaye shida yaja asijifiche, bali aende benki mapema akaombe kupangiwa upya malipo.

Hapa pana jaribio jepesi. Kwa miezi sita wekeni akiba kila mwezi fedha sawasawa na zile ambazo benki ingedai. Ikiwa watoto wamekula, ada imelipwa na sadaka imetolewa, mwaweza kukopa. Ikiwa mmeshindwa, si aibu: nunueni matofali mwaka huu na bati mwaka ujao, kama wafanyavyo wengi wa jirani zetu.

Bwana wetu, katika Luka sura ya 14, alitufundisha kuketi na kuhesabu gharama kabla ya kujenga. Na tuketi basi, baba, mama na watoto waliokwisha kuwa wakubwa, tuhesabu pamoja.