Laptopu ya Mtumba: Je, Bei Yake Inalingana na Kazi Yake?

Kila muhula mpya wa vyuo unapokaribia, wazazi wengi katika kaunti yetu hukabiliwa na swali moja. Mtoto amepata nafasi chuoni, na kwenye orodha ya mahitaji kuna laptopu. Mpya ni ghali. Dukani, au kwenye tangazo lililotumwa kwa WhatsApp, kuna nyingine iliyoandikwa "ex-UK, safi kabisa" kwa nusu ya bei au chini ya hapo. Pesa zenyewe zimetokana na zamu ya chama, ng'ombe aliyeuzwa au mkopo wa sacco. Zikipotea, itachukua muda mrefu kupata nyingine.

Hatusemi usinunue laptopu ya mtumba. Nyingi ni mashine nzuri. Kampuni kubwa za Ulaya na Marekani hununulia wafanyakazi wao laptopu imara, huzitumia kwa miaka michache, kisha huzibadilisha zote kwa pamoja. Ndiyo maana madukani utakutana na HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad nyingi. Hizi zilitengenezwa kwa kazi ya ofisi ya kila siku. Umbo lake ni gumu, vipuri vyake vinapatikana, na fundi anaweza kuzifungua bila kuziharibu. Laptopu kama hiyo inaweza kukufaa kuliko mpya ya bei ya chini yenye prosesa dhaifu ya Celeron na memori ya GB 4 isiyoweza kuongezwa.

Ila kuna tofauti kati ya laptopu iliyokarabatiwa na ile iliyotumika tu. Iliyokarabatiwa imepimwa, vipuri vibovu vimebadilishwa, diski imefutwa data za mwenyewe wa awali, na muuzaji yuko tayari kuiwekea dhamana. Nyingine zimepanguswa vumbi na kubandikwa stika mpya. Kwa hivyo swali lako la kwanza kwa muuzaji liwe hili: "Ni nini kilichobadilishwa kwenye mashine hii?" Anayeijua bidhaa yake atakujibu bila kubabaika.

Anza na kazi, si na bei

Kabla ya kuingia dukani, andika kazi ambazo laptopu itafanya. Mwanafunzi wa kawaida ataandika insha na ripoti, atahudhuria masomo kwa video, atatafuta habari kwenye intaneti na kujaza fomu za HELB au za KUCCPS. Mwenye duka atatunza hesabu na kuwasilisha ushuru kwenye iTax. Kazi hizi hazihitaji mashine ya kifahari. Anayesomea usanifu wa majengo au uhariri wa video anahitaji mashine yenye nguvu zaidi, na ni vyema aulize chuo chake kwanza ni programu zipi zitatumika.

Ikiwa haja yako ni kujaza fomu moja kwa mwaka, huenda huhitaji kununua chochote. Duka la saiba lililo karibu au Kituo cha Huduma vitakutosha.

Umri wa prosesa ndio umri wa laptopu

Wauzaji hupenda kutaja "i5" au "i7". Maneno hayo peke yake hayakuelezi mengi. Kinachokueleza umri ni nambari inayofuata. Kwenye prosesa ya Intel iliyoandikwa i5-6300U, tarakimu ya 6 inaonyesha kizazi cha sita. Kwenye i5-8350U, ni kizazi cha nane. Nambari ikianza na 1, soma tarakimu mbili: i5-10210U ni kizazi cha kumi, na i5-1135G7 ni cha kumi na moja. Usivutiwe na "i7" pekee. Prosesa nyingi za i5 za kizazi cha nane zinazotumiwa kwenye laptopu za ofisi huzishinda zile za i7 za kizazi cha nne zilizotumiwa kwenye laptopu za aina hiyo hiyo.

Kizazi kina uzito kwa sababu nyingine. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa mfumo wa Windows 10, yakiwemo masasisho ya bure ya kuziba mianya ya usalama. Windows 11 nayo, isipokuwa kwa prosesa chache, hukubali zile za Intel kuanzia kizazi cha nane, ambazo zilianza kutoka mwaka 2017. Tuchukue laptopu mbili zinazopatikana kwa wingi: HP EliteBook 840 G3 ina prosesa ya kizazi cha sita, kwa hivyo haimo. EliteBook 840 G5 yenye kizazi cha nane imo. Kwa macho zinakaribia kufanana, lakini zimetenganishwa na miaka kadhaa ya huduma.

Baadhi ya wauzaji huweka Windows 11 kwa njia ya mkato kwenye mashine isiyofaa. Itawaka na itafanya kazi, lakini Microsoft haitoi hakikisho kwamba itaendelea kupata masasisho. Jambo hili si dogo kwa mtu anayefungua akaunti ya benki, eCitizen au iTax kwenye laptopu hiyo hiyo. Ukiwa na shaka, mwombe muuzaji aweke programu ya bure ya Microsoft iitwayo PC Health Check. Itasema wazi kama mashine inakubalika au la, hata ikiwa prosesa yake ni ya AMD.

Memori, diski na betri

Kwa matumizi ya kawaida, tafuta memori ya RAM isiyopungua GB 8. Ukiwa na GB 4, somo la video na kurasa chache za intaneti zikifunguliwa pamoja, mashine itaanza kujikokota.

Diski iwe ya SSD, si ile ya zamani inayozunguka. Mabadiliko haya peke yake huifanya laptopu iliyozeeka ionekane kama nyingine kabisa katika kuwaka na kufungua faili. SSD ya GB 256 inamtosha mwanafunzi. Usidanganywe na ukubwa: diski ya zamani ya GB 500 itakuwa na nafasi zaidi, lakini itakuchelewesha kila siku.

Betri ndiyo sehemu inayochakaa mapema zaidi, na huchakaa hata ikikaa bila kutumiwa. Kwenye Windows, fungua "Command Prompt" na uandike powercfg /batteryreport. Mashine itatengeneza ripoti na kukuonyesha ilikohifadhiwa. Ndani yake tafuta nambari mbili: "Design Capacity", yaani uwezo wa betri ikiwa mpya, na "Full Charge Capacity", yaani uwezo wake sasa. Ikiwa ya kwanza ni 46,000 na ya pili ni 30,000, betri imebaki na takriban asilimia 65. Kisha chomoa chaja na ucheze video kwa dakika 20. Asilimia ikiporomoka kwa kasi, hesabu bei ya betri mpya. Mahali ambapo stima hupotea mara kwa mara, laptopu yenye betri mfu haikusaidii.

Piga hesabu kwa mwaka

Bei iliyo kwenye kibandiko si gharama kamili. Ongeza gharama ya kuifanya laptopu ifae, kisha ugawanye kwa miaka unayotarajia kuitumia. Huu hapa mfano. Bei ni za kuonyesha hesabu tu, kwa hivyo weka za duka lako.

Laptopu ya kwanza inauzwa kwa KSh 18,000. Ni ya kizazi cha nne, ina RAM ya GB 4, diski ya zamani na betri ya dakika 40. Unahitaji SSD ya KSh 3,000, RAM ya KSh 2,000 na betri ya KSh 3,500. Jumla ni KSh 26,500, na bado haikubali Windows 11. Ikikutumikia miaka miwili, umelipa KSh 13,250 kwa mwaka.

Laptopu ya pili inauzwa kwa KSh 29,000. Ni ya kizazi cha nane, ina RAM ya GB 8, SSD ya GB 256 na betri nzuri. Ikikutumikia miaka minne, ni KSh 7,250 kwa mwaka.

Laptopu ya tatu ni mpya na inauzwa kwa KSh 55,000. Ikidumu miaka mitano, ni KSh 11,000 kwa mwaka.

Iliyoonekana rahisi kuliko zote ndiyo ghali kuliko zote. Wahenga walisema, rahisi ghali. Hesabu hii pia inaonyesha kikomo: laptopu ya mtumba ikikaribia bei ya mpya yenye uwezo sawa, chukua mpya.

Kabla ya kutoa pesa

Kagua mwenyewe, laptopu ikiwa mbele yako, na usiharakishwe.

1. Iwashe ikiwa imezimwa kabisa. Jaribu kuingia kwenye mipangilio ya ndani, yaani BIOS: bonyeza F10 kwa HP, F2 kwa Dell au F1 kwa ThinkPad mara tu inapowaka. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, iache.

2. Fungua "Settings", kisha "System", kisha "About". Linganisha prosesa na RAM na yale uliyoambiwa. Hapo hapo kwenye "System", fungua "Activation" uone kama Windows ni halali.

3. Mwombe muuzaji airejeshe katika hali ya mwanzo na uiunganishe na intaneti ya simu yako. Likitokea jina la kampuni fulani likidai akaunti ya mfanyakazi, mashine hiyo bado imeandikishwa na mwenyewe wa awali na inaweza kufungwa wakati wowote.

4. Bonyeza kila kitufe cha kibodi. Mashine zilizotoka Ujerumani au Ufaransa hupanga herufi tofauti. Ya Ujerumani, kwa mfano, Y na Z zimebadilishana nafasi.

5. Fungua ukurasa mweupe na uangalie madoa kwenye skrini. Jaribu kamera, sauti, Wi-Fi na matundu yote ya USB. Funga na ufungue kifuniko uone kama bawaba zimelegea.

6. Soma chaja. Iwe na maandishi ya volti 100 hadi 240, na wati zinazohitajiwa na mashine. Plagi ya Uingereza inaingia kwenye soketi zetu. Ya Marekani itahitaji waya mwingine.

Risiti na haki zako

Dai risiti yenye jina la duka, tarehe, aina ya laptopu, nambari yake ya siri ya kiwandani iliyobandikwa chini ya mashine, na muda wa dhamana. Dhamana ya mdomo ni vigumu kuithibitisha. Uliza pia kama inahusisha betri na chaja, kwani mara nyingi huachwa nje.

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, pamoja na taarifa zinazohitajika ili anufaike nazo. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 inaimarisha haki hiyo, na maandishi ya "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" hayaifuti. Hata hivyo, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa haikulindi vivyo hivyo dhidi ya kasoro ambayo ungepaswa kuiona ulipoikagua bidhaa. Hii ni sababu nyingine ya kukagua kwa makini.

Ukidanganywa, rudi dukani kwanza ukiwa na risiti. Usiposikizwa, unaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, au kufungua kesi katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiza madai yasiyozidi KSh milioni 1 na hutakiwa kuamua ndani ya siku 60.

Jihadhari na laptopu inayouzwa kando ya barabara bila chaja, bila risiti na kwa bei ya kushangaza. Kupokea mali ya wizi ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini, kuwa imeibwa ni kosa la jinai.

Ikiwa tayari unayo ya zamani

Usiitupe. Laptopu ya kizazi cha nne au cha sita yenye SSD na RAM ya GB 4 au zaidi inaweza kuwekewa mfumo wa bure wa Linux Mint au Ubuntu, ambao huendelea kupata masasisho ya usalama. Unaweza kutumiwa na LibreOffice ya kuandikia na kufanyia hesabu, pamoja na kivinjari cha Firefox kinachofungua tovuti za serikali. Fundi wa kompyuta anaweza kuuweka kwa saa chache. Nakili faili zako zote mahali pengine kwanza, kwa sababu kazi hiyo hufuta diski.